Harufu ya Pili

Watu wa kisa hiki sitawapa majina; kila ukoo unao. Yupo Mwalimu, mwenye gari. Yupo mkewe, na watoto wawili, na binamu aliyeomba lifti dakika za mwisho. Yupo mama mkwe, mkazi wa Lushoto, anakwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu mchanga. Na yupo shemeji, mdogo wa mke, kijana mwepesi wa mikono ambaye hajawahi kukutana na kitu cha umeme akakiacha bila kukifungua. Gari ni Toyota Noah iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kama yalivyo magari mengi ya watu wa kipato cha kati nchini, na siku ilipotoka kiwandani haikuwa na ubaya wowote. Yote yaliyoipata yalitokana na kuguswa pasipostahili na kutoguswa panapostahili.

Mizigo ilipokuwa inapangwa, viazi, karoti, kabichi na ndoo ya pea, shemeji alifungulia muziki. Alikuwa amemfungia Mwalimu amplifaya na spika ya besi nyuma ya kiti cha mwisho, na taa za ziada za LED juu ya bampa, kwa kuwa barabara ya usiku, alisema, inataka mwanga. Watoto wakacheza uani. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele kama heshima yake ilivyotaka, akapeleka upindo wa mtandio puani.

"Baba, gari lenu linanuka beseni lililowekwa karibu na moto."

"Mama, ni jirani anachoma taka," shemeji akadakia kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Na kweli jirani alikuwa anachoma taka.

Hapo ndipo penye ugumu. Nchi yetu inanuka moshi mwaka mzima: mashamba yanasafishwa kwa moto, tanuri za mkaa zinafuka, taka zinachomwa kila ua, na lori la mbele yako linatoa wingu jeusi kila linapopanda. Dereva ana kisingizio tayari kwa kila harufu. Ila kuna jaribio dogo lisilo na gharama. Funga vioo, funga na tundu linaloingiza hewa ya nje, kisha endesha nusu kilomita. Harufu ya jirani itabaki kwa jirani. Iliyo yako utakwenda nayo, na ukisimama itazidi, kwa sababu upepo uliokuwa unaipeleka nyuma umekoma. Mwalimu hakufanya jaribio hilo. Alizima muziki ili wapige dua ya safari, waya ukapoa, harufu ikaisha, na shemeji akaonekana amesema kweli.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, karibu zote za kuteremka, barabara imechongwa ubavuni mwa milima ya Usambara, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mombo iko chini kwenye tambarare la joto, zaidi ya mita 900 kutoka huko juu. Noah yenye watu saba na kabichi zao inakaribia tani mbili. Mtu akipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kuzuia tani mbili zisiporomoke mita 900, atapata joto linalotosha kuchemsha lita 50 za maji ya bomba. Joto hilo halina budi kwenda mahali. Upepo na matairi huchukua sehemu, injini huchukua sehemu ukiiruhusu, na kilichobaki huishia kwenye vipande vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu.

Mwalimu hakuiruhusu injini. Aliacha kijiti cha gia kwenye D, gari likawa linakimbia lenyewe, naye akawa analizuia kwa mguu. Tangu mjini hadi Soni mguu ule haukutoka kwenye breki. Haukukandamiza sana wala haukuachia. Madereva wa mabasi ya njia ile wangemwambia wanachowaambia makonda wao wanaojifunza: teremka na gia ileile ambayo ungepandia. Kwenye gari la otomatiki maana yake ni kuvuta kijiti hadi 2 au L, injini ilalamike kidogo, kisha breki ikanyagwe kwa nguvu pale tu mwendo unapozidi na kuachiwa kabisa ili ipumue. Soni kuna maporomoko ya maji kando ya barabara. Watoto waliomba wasimame wayaone. Baba yao akasema muda hautoshi.

Baada ya Soni harufu ilikuja, kali, ya chuma na ya kitu kilichoungua kikakauka. "Baba, sasa kinanuka kitu kingine," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, Mama."

Ndivyo mkwe mwema anavyomjibu mama mkwe. Kwa adabu jibu halina kasoro, ila halikufika mguuni. Kisha pua zikafanya kazi ambayo pua zote hufanya: zikikaa na harufu moja kwa dakika chache zinaizoea, na aliye ndani hudhani imeondoka. Wote wakanyamaza wakiamini jambo limepita. Kwenye kona za mwisho pedali ya breki ikazama kuliko kawaida, laini, kana kwamba chini yake hakuna kitu. Mafuta ya breki yalikuwa yameanza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanapaswa kuvumilia hadi nyuzi joto 205 bila kuchemka, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubinyika, tofauti na mafuta. Ukikanyaga unabinya mvuke, nguvu haifiki gurudumuni. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ya Mwalimu hayakuwahi kubadilishwa. Kilichomwokoa ni kwamba mlima uliisha.

Pale Mombo moshi mwembamba ulikuwa unatoka gurudumu la mbele kushoto. Shemeji akashuka na chupa ya maji, na angeimimina yote kama fundi wa gereji ya jirani asingepiga kelele kutoka chini ya lori alilokuwa amelilalia. Diski ya breki ni chuma cha kusubu. Ikimwagiwa maji baridi ikiwa na moto ule hupinda au kupasuka. Breki iliyochemka huachwa ipoe yenyewe, kwa upepo na subira.

Fundi yule sikukutana naye popote, lakini mafundi wa namna yake ninawaheshimu, kwani wanaanza na maswali kabla ya spana. Harufu ilianza lini, mkipanda au mkishuka? Ilizidi mlipokanyaga nini? Gari lilikuwa linavuta upande? Mkewe Mwalimu akakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa usukani ulikuwa unakwenda kushoto wenyewe. Fundi akapitisha mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa ya moto. La nne lilikuwa halikaribiki, na rimu yake imejaa vumbi jeusi la pedi.

"Mlima umechoma yote," akasema. "Lakini hili lilikuwa linaungua hata kabla ya mlima."

Lilipopoa akalipiga jeki na kulizungusha kwa mkono. Halikuzunguka. Alifungua kidogo nipo ya kutolea upepo, mafuta yakaruka meusi, gurudumu likabaki limebanwa vilevile. Kama lingeachia baada ya kufungua, angejua mpira wa breki umeziba kwa ndani na unazuia mafuta yasirudi. Kwa kuwa halikuachia, kosa lilikuwa kwenye kalipa, kile kibano cha chuma kinachosukuma pedi kwenye diski. Pini zake mbili zilikuwa zimekauka, vimpira vinavyozuia vumbi vimechanika, kutu imeshika. Pedi haikuwa inarudi hata mguu ukitolewa. Fundi akazisugua pini kwa msasa laini, akazipaka grisi maalumu inayostahimili joto (grisi ya kawaida ingeyeyuka na kuvimbisha mpira), akaweka vimpira vipya na pedi mpya pande zote mbili za mbele, maana ukibadilisha upande mmoja tu gari litavuta. Kisha akamwaga mafuta yote ya zamani, akajaza DOT 4, na kutoa upepo gurudumu kwa gurudumu, huku binamu akikanyaga na kushikilia pedali kila alipoambiwa. Saa tatu hivi zikapita. Hapa Mwalimu alipata alichostahili kwa pesa yake, na zaidi.

Wakati mafuta yanachuruzika fundi alikuwa anaongea, nusu na Mwalimu, nusu na nafsi yake. Klachi, kwa magari yenye klachi, hunuka gazeti lililoungua, na mara nyingi mwenye kosa ni dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Oili inayodondokea ekzosi hunuka nzito na kutoa moshi wa bluu, na utaisikia zaidi kwenye foleni kuliko kwenye mwendo. Maji ya rejeta yenye kulanti hunuka utamu. Ukiisikia, tazama mshale wa joto, wala usifungue mfuniko ungali moto. Mkanda wa feni hunuka raba na kwa kawaida hulia kwanza. Yai viza ni ekzosi yenye matatizo kwenye kichujio chake. Mfuko wa plastiki ukinasa chini ya gari huyeyuka juu ya ekzosi na kumtia mtu hofu ya bure. Mifuko ile ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, ila barabara haijapata barua. Na usiegeshe juu ya nyasi kavu baada ya safari ndefu, kwani ekzosi huweza kuziwasha.

"Na beseni?" akauliza mama mkwe.

Fundi akainua kichwa. "Beseni gani, Mama?"

Akamweleza harufu ya asubuhi. Fundi hakucheka. "Plastiki ni waya," akasema. "Mlikuwa mmewasha nini?"

"Muziki tu," shemeji akajibu. "Halafu kulikuwa na jirani anachoma taka. Umeme wa gari hili nimeufunga mwenyewe, fundi, huo niachie mimi."

Fundi alitaka kuchungulia chini ya dashibodi. Lakini jua lilikuwa linashuka, Mwalimu ameshahesabu noti, watoto wamechoka, na zaidi ya yote kosa lilikuwa limepatikana. Kipande cha chuma kilichoungua kilikuwa pale mezani, kila mtu amekiona. Katika kisa kizima ninaona hii kuwa ndiyo saa ya hatari, kuliko hata kona za mwisho za mlima. Mtu aliyepata jibu hugeuka kiziwi. Harufu zilikuwa mbili na shahidi mmoja alikuwa amezitenganisha waziwazi, kwa saa na kwa namna, ila jibu la ile ya pili likatumika kufungia na ile ya kwanza. Fundi naye, akiosha mikono, akaongeza neno la kweli lililokuja kuwadhuru: pedi mpya hunuka kidogo mwanzoni, zikishazoeana na diski zitaacha, msishtuke.

Waliipita Korogwe giza limeingia. Shemeji akawasha zile taa za LED. Barabara ikawa nyeupe, Mwalimu akasifu. Muziki ukarudishwa ili dereva asisinzie. Harufu ikaja.

"Pedi mpya," akasema Mwalimu.

"Pedi mpya," akasema shemeji.

Lakini pedi hunuka unapokanyaga breki, na hapa ilikuwa barabara iliyonyooka, mguu uko kwenye mafuta. Yeyote mle ndani angeweza kugundua hilo kwa kutazama miguu ya dereva. Angeweza pia kuzima kitu kimojakimoja, taa kwanza, kisha muziki, aone harufu inakwenda na kipi. Mama mkwe hakujua umeme wala hakutaka kubishana na mwanawe mbele ya mkwewe. Alijua jambo jingine.

"Baba, nisimamishie. Nina haja."

Hakuna mkwe anayeuliza swali baada ya maneno hayo. Mwalimu akatoka barabarani, akasimama. Mama mkwe akamwambia binti yake ashuke na watoto wote wawili, nao wakajisaidie, na alipokuwa hajatoka hata hatua kumi akageuka na kuwaita wanaume kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya sanduku la dashibodi, mahali ambapo magoti yake yalikuwa muda mfupi uliopita.

Yaliyofuata yalikwenda vibaya kwa utaratibu. Swichi ya gari ilizimwa, na hilo lilikuwa sahihi, lakini waya wa shemeji ulitoka moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi, hivyo ukaendelea kuwaka. Shemeji akakimbilia boneti na kuifungua yote, akitaka kuchomoa betri. Kabla hakujaonekana moto hilo lingekuwa jambo jema. Moto ukishashika, boneti iliyofunguliwa wazi ni hewa unayoupelekea; huinuliwa ufa tu, na dawa ya kuzimia hupulizwa humo. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo chini ya kiti, maana bila mtungi dereva ana maelezo ya kumpa trafiki. Mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu na unga umegandamana chini kwa kukaa miaka bila kutikiswa. Ukatoa pumzi moja. Binamu, ambaye hadi hapo hakuwa na kazi katika kisa hiki, ndiye aliyefanya la maana: alikimbia nyuma na pembetatu za tahadhari, akasimamisha magari. Dereva wa lori na utingo wake wakaja na mtungi wao na sepetu ya mchanga. Mtu akapiga 114. Mwalimu alitaka kurudi kuchukua mkoba wenye vyeti, utingo akamshika mkono. Moshi wa plastiki za ndani ya gari una sumu, na mtu huangushwa nao kabla moto haujamfikia. Wakasogea mbali, upande upepo ulikotoka, wakaliacha.

Gari liliungua lote, pamoja na breki mpya. Tangi halikulipuka kwa kishindo kama kwenye sinema. Matangi mara nyingi hayafanyi hivyo, ingawa matairi yalipasuka moja baada ya jingine na kuwaogofya watoto.

Bima ilikuwa ile ndogo, ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga. Kwa moto wa gari lako mwenyewe hailipi kitu.

Fundi umeme aliyelitazama gofu lile Dar es Salaam aliuona waya mahali ulipopita kutoka kwenye injini kuingia ndani. Shemeji alitoboa bati akaupitisha bila kuweka kipete cha raba, na kwa mtikisiko wa kila siku ukingo wa bati ukawa unaukwangua. Tena ulikuwa mwembamba. Taa peke yake zilivuta ampea kama 10, amplifaya kwenye besi ilivuta zaidi ya hizo, na joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Asubuhi, kwa muziki pekee, waya ulinuka tu. Usiku, kwa muziki na taa, ganda lililokwishakwanguliwa likalainika, shaba ikagusa bati, na betri ikamwaga mamia ya ampea mahali pamoja.

"Fyuzi ilikuwa wapi?" akauliza.

Ilikuwepo. Shemeji alisema mwenyewe, bila kuzungusha maneno, na kwa hilo ninampa sifa. Aliweka ya 15, ikawa inakata kila besi inapopanda. Akaibadilisha, ikakata tena. Mara ya tatu akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na haikukata tena. Wengi hufanya hivyo wakidhani fyuzi ipo kulinda redio. Fyuzi inalinda waya. Inachaguliwa kwa unene wa waya, hukaa karibu kabisa na betri, na ikikata mara mbili inakuwa imeshakuambia kwamba waya haukitoshi kifaa au umegusana mahali.

Gari la pili lilipopatikana, baada ya mkopo na mwaka wa kupanda daladala, Mwalimu alilipeleka kwa fundi umeme huyohuyo kabla ya kulipeleka nyumbani. Taa za ziada alizikataa. Redio ikafungwa kwa waya mnene, kipete cha raba kwenye tundu, na kishikio cha fyuzi kando ya betri. Shemeji alikuwepo, amesimama nyuma yao na mikono mfukoni. Akatoa wazo kwamba waweke ya 30, ile ya kijani, ili isije ikasumbua njiani.

Fundi akamwuliza Mwalimu kama yule kijana ni wake. Mwalimu akasema ni shemeji yake. Fundi akachukua ya 15, ya bluu, akaibonyeza mahali pake, na zilizobaki akazirudisha mfukoni.